Ubao wa Kujaza Upepo na Foili: Kagua Bamba Kwanza

Paje, upande wa mashariki wa Unguja, inajulikana kwa mchezo wa kaiti baharini. Siku hizi utaona pia mtu amesimama juu ya ubao mfupi, ameshika bawa lililojazwa upepo, na chini ya ubao kuna foili: mlingoti wenye mabawa madogo yanayopita ndani ya maji. Mwendo ukikolea, ubao wote hunyanyuka na kuacha uso wa bahari. Mchezo huu ulianza kuenea duniani mnamo 2019, na kila anayeuanza hujiuliza kama anunue ubao mgumu au wa kujaza upepo.

Kwa kujifunzia, wa upepo unafaa, mradi sehemu ya kufungia foili iwe imara.

Ndani ya ubao huo mna maelfu ya nyuzi zinazounganisha kitambaa cha juu na cha chini. Nyuzi hizo ndizo zinazouzuia usivimbe, hivyo presha ikipanda ubao hubaki bapa na kukakamaa. Mbao nyingi za aina hii hujazwa kufikia psi 15 hivi, karibu nusu ya presha ya tairi la gari dogo.

Tatizo huja na foili. Maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800, ndiyo maana bawa dogo chini ya maji linaweza kumbeba mtu mzima. Nguvu yote hiyo hupitia kwenye mlingoti na bolti nne, ikaishia kwenye eneo dogo la ubao. Eneo hilo likiwa laini, ukikanyaga kwa kisigino ubao hupinda kwanza, foili ikaitika baadaye, na mwanafunzi akaanguka bila kujua sababu. Kwa hiyo ubao mzuri huwekewa bamba gumu la kaboni au fibaglasi lenye reli mbili za kufungia foili. Bamba linalofika chini ya miguu yote miwili ni bora kuliko lile fupi linaloishia kwenye mlingoti. Kabla ya kulipa, jaza ubao hadi presha inayotakiwa, funga foili, shika mlingoti usitikisike, kisha mwenzako autikise ubao. Ukiona unacheza huku mlingoti umetulia, uache.

Udhaifu wa pili ni kingo za mviringo. Maji huzing'ang'ania, hivyo ubao huchelewa kunyanyuka na huhitaji upepo zaidi. Ukishapaa, kasoro hiyo haikusumbui tena.

Kuhusu ukubwa, anayeanza achukue lita zinazozidi uzito wake kwa 30 hivi: mwenye kilo 75 atafute ubao wa lita 105 au zaidi kidogo.

Faida ya ubao wa upepo ni kubwa: hukunjwa ukaingia begini, na ukiuangukia haukuumizi kama ule mgumu. Lakini jua ni adui yake. Ukiujaza psi 15 hewa ikiwa na nyuzijoto 27, kisha ukauacha mchangani hadi hewa ya ndani ifike 60, presha hupanda kufikia psi 18 hivi na kuchosha gundi ya maungio. Uweke kivulini, au upunguze upepo.

Ulaini wa ubao, hata hivyo, hauihusu foili. Ina makali, na mlingoti wake huzama sentimita 70 au zaidi. Vaa kofia ngumu, na usiingie Paje maji yakiwa yamepwa, hasa wakati wa bamvua: utagonga mwamba, au utakata kamba za mwani wa akina mama wanaoutegemea kwa riziki yao.

Ukishaweza kugeuza bila kuanguka, utaanza kuhisi ubao wa upepo unakuchelewesha. Hapo ndipo ubao mgumu unastahili bei yake. Kabla ya hapo, bamba imara na presha sahihi vinakutosha.