Roli za Nyama ya Kopo mjini Kindu: Kipi Ununue, Kipi Utengeneze Nyumbani

Anayekaanga roli Kindu hupata faida yake au hasara yake sokoni, kabla mafuta hayajapata moto. Kwa hiyo makala haya yanaanzia kwenye kapu, na sufuria itafuata baadaye.

Roli ninayoizungumzia ni ile ya ganda jembamba la unga, iliyokunjwa na kukaangwa hadi ikauke na kulia chini ya meno. Ndani yake kuna vitu vya sandwichi ya Reuben ya Wamarekani: nyama ya ng'ombe ya chumvi, kabichi iliyochachushwa, jibini, na mchuzi wa mayonezi na nyanya. New York na Omaha zinagombania heshima ya kuianzisha sandwichi hiyo mwanzoni mwa karne iliyopita. Huko vitu vyote vinne hupatikana katika duka moja. Kwetu kila kimoja kina safari yake.

Ngano hailimwi Maniema, mkoa wetu. Unga wake huletwa, sawa na makopo ya nyama na mayonezi, kwa treni inayopanda kutoka kusini kupitia Kongolo, reli ya kilomita 355 iliyojengwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ili kuyakwepa maporomoko ya mto Lualaba. Vingine hupandishwa kwa mashua kutoka Ubundu, vingine hushuka na ndege. Jibini ilikuwa ikitoka Masisi kupitia Goma. Waasi wa M23 walipoiteka Goma mwishoni mwa Januari 2025 na uwanja wake wa ndege kufungwa, njia hiyo ilikatika. Mchele, mawese, mayai, papai na pilipili havina haja ya tiketi: vinatoka mashambani kwetu, na vingi huvuka Lualaba kwa mtumbwi kutoka Alunguli kila asubuhi.

Msimamo wangu ni huu: roli ya Kindu ibebwe na vitu vya Maniema, na fedha za vitu vya mbali zitumike mahali pamoja tu, pale mlaji atakapozionja.

Pima kwa roli moja

Bei ya franka hubadilika pamoja na dola, na tena treni ikichelewa. Uwiano wa vipimo haubadiliki, nao ndio utakaokusaidia wiki hii na mwakani. Chukua roli moja ya kawaida: ganda gramu 30, nyama gramu 20, kabichi chachu gramu 15, jibini gramu 10. Mchuzi unakaa pembeni. Hesabu zote hapa chini ni za roli 34, kwa sababu nyama ya makopo mawili ya gramu 340 inatosha idadi hiyo kamili.

Ukiwa na bei za leo mkononi, gawanya kila bei kwa idadi ya roli zinazotoka humo. Kitu cha bei kubwa kinaweza kuwa rahisi kwa roli moja, na kifuko kidogo cha bei ndogo mara nyingi ndicho ghali kuliko vyote.

Ganda: unga mtupu au unga na mchele

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ile ya manda za sambusa: unakanda unga, unasukuma, unapitisha kwenye kikaango kikavu. Kilo moja ya unga pamoja na maji hutoa takriban kilo moja na nusu ya donge, yaani manda 50. Ukiondoa zinazochanika, hesabu 45. Roli 34 zinataka gramu 750 za unga.

Ya pili ni ya uji mwepesi unaomiminwa kwenye kikaango kama chapati za maji. Kilo moja ya unga na lita mbili za maji hutoa kiasi cha maganda 60, kwa hiyo roli 34 zinataka gramu 570 tu. Hapa ndipo mchele wa Maniema unapoingia. Theluthi moja ya unga huo unaweza kuwa unga wa mchele: loweka mchele usiku, uchuje, uutwange kwenye kinu au uupeleke mashineni, kisha uuchekeche. Gramu 570 zinakuwa gramu 380 za ngano na gramu 190 za mchele.

Linganisha: kwa njia ya kwanza unanunua gramu 750 za unga wa ngano, kwa ya pili gramu 380. Ni nusu. Na ganda lenye mchele hukauka vizuri zaidi kwenye mafuta, kwa sababu mchele hauna ule utando wa ngano unaovutika na kulainika. Usizidishe theluthi: ganda litapasuka ukilikunja. Yai moja ndani ya uji huo hulishika ganda na kulipa rangi.

Anayepika kwa ajili ya nyumbani mara mojamoja anaweza kubaki na manda za kusukuma, kwani haziogopi kujazwa sana. Anayeuza kila siku achague uji wenye mchele.

Nyama: kopo au bucha

Hili ndilo swali linalokula fedha nyingi, na watu wengi hulijibu kwa mazoea. Kopo limeshapikwa, limeshatiwa chumvi, halina mfupa: gramu 340 ulizolipia ni gramu 340 zinazoingia kwenye roli. Nyama mbichi hupungua. Kilo ya nyama isiyo na mfupa, ikichemshwa mpaka ichambuke, hubaki takriban gramu 650, yaani roli 32. Kilo yenye mfupa, ikiwa mifupa ni gramu 300, hubaki na gramu 455 hivi zilizopikwa, yaani roli 22 au 23.

Kutokana na hesabu hiyo unapata kanuni mbili za kwenda nazo sokoni. Ikiwa bei ya kopo moja haifiki nusu ya bei ya kilo ya nyama isiyo na mfupa, nunua kopo. Ikiwa bucha anauza nyama na mifupa yake, kopo linashinda endapo bei yake haizidi robo tatu ya bei ya kilo hiyo. Bei zikikaribiana sana, ongeza gharama ya makaa: kuchemsha nyama ya ng'ombe mkubwa huchukua saa moja na nusu hadi mbili za moto, na kopo halihitaji hata dakika moja. Mwenye sufuria ya maharagwe jikoni anaweza kuiweka nyama kwenye moto huohuo, na gharama hiyo ikapungua sana.

Ladha nayo ina uzito wake. Nyama ya kuchemsha nyumbani kwa chumvi ya kutosha, kitunguu saumu, pilipili manga na jani la mdalasini ni tamu kuliko ya kopo, ila hukauka kwa kukosa mafuta. Kopo lina mafuta na chumvi kupita kiasi. Ndiyo maana ninaipendelea njia ya tatu: kopo moja na nusu kilo ya nyama mbichi isiyo na mfupa. Ichemshe nyama bila chumvi, ichambue ikiwa bado ina joto, kisha uvunjevunje kopo ndani yake. Mafuta ya kopo yanailainisha nyama, chumvi yake inagawanyika, na roli zako 33 au 34 hazina tofauti ya ladha inayomfanya mteja alalamike.

Kopo kagua kwa macho na vidole: lililovimba, linalovuja au lenye kutu ndani ya mkunjo lirudishe hata likishushwa bei nusu. Tarehe iliyofutwafutwa nayo ni sababu tosha ya kukataa. Safari ndefu huyagonga makopo, na sumu inayoweza kuota ndani ya kopo lililoharibika haina harufu ya kukuonya.

Kitu chachu: kabichi au papai bichi

Kabichi hupenda baridi ya milimani, nasi tuko kwenye joto la bonde la mto. Inayofika Kindu imeshachoka, na majani mawili matatu ya nje hutupwa. Lakini kazi ya kabichi katika roli hii ni uchachu na ule mlio mdogo wa kutafuna, na kazi hiyo papai bichi linaiweza.

Chukua papai gumu la kijani, ulimenye, utoe mbegu, ulikune nyuzinyuzi ndefu. Kwa kila gramu 1,000 tia gramu 20 za chumvi, kama vijiko vitatu vidogo vilivyofutwa juu. Ponda kwa mkono mpaka litoe maji, lishindilie kwenye chupa safi ya mdomo mpana, na uhakikishe maji yake yamelifunika. Jiwe safi lililochemshwa hulizuia lisielee. Kwa joto letu huchachuka siku tatu hadi tano. Fungua kila siku kutoa hewa. Harufu iwe ya uchachu safi. Ukiona ukungu wa rangi au utelezi, mwaga. Kabichi hutengenezwa vilevile na kwa chumvi ileile, ikitaka siku moja au mbili zaidi.

Roli 34 zinataka kiasi cha gramu 510 za kitu chachu kilichokamuliwa. Hizo hutoka kwenye kabichi ya gramu 800 au papai la kilo moja na ushee. Ulinganisho hapa ni mwepesi: nenda na papai, isipokuwa siku utakayokuta kabichi nzuri kwa bei iliyoshuka.

Jibini au yai

Jibini ya Masisi, lile gurudumu la manjano linalofanana na gouda, huyeyuka vizuri ndani ya roli. Roli 34 zinataka gramu 340. Ikipatikana leo Kindu imepita njia ndefu na mikono mingi, na bei yake inasema hivyo. Gramu 340 hizo zinaweza kubadilishwa na mayai saba ya kuchemsha, yaliyopondwa pamoja na vijiko viwili vya mayonezi na pilipili kidogo. Yai halivutiki kama jibini, lakini huleta ule unono unaoshika nyama na papai pamoja. Weka bei ya mayai saba kando ya bei ya theluthi moja ya kilo ya jibini, na utaamua mwenyewe kwa sekunde moja. Jibini iwe ya sherehe.

Mafuta: meupe ya dukani au mawese

Mafuta meupe yaliyosafishwa hayana harufu, hustahimili moto, na huliacha ganda na rangi ya dhahabu. Mawese yetu ni rahisi na hayaharibiki upesi kwenye moto, ila yana ladha yake na rangi yake. Wengine huyachoma mpaka yawe meupe. Msifanye hivyo: moshi ule unaumiza macho na kifua cha mpishi, na mafuta yenyewe huwa yameshaanza kuungua kabla ya roli ya kwanza.

Kuna njia tulivu zaidi. Acha chupa ya mawese itulie mahali pasipo na jua kwa siku mbili. Utaona yamejigawa: chini tabaka zito la rangi ya chungwa lenye chembechembe kama sukari iliyolowa, juu mafuta mekundu yanayopitisha mwanga. Mimina yale ya juu polepole uyakaangie. Yale mazito yabaki ya sombe (kisamvu) na maharagwe. Mawese mapya huwa na maji, kwa hiyo yapashe kwa moto mdogo hadi yaache kutoa mapovu na kurusha matone, ndipo uongeze moto.

Kwa makadirio, kila roli huondoka na kijiko kidogo cha mafuta, kwa hiyo roli 34 hula mililita 170 hivi. Hiyo ndiyo gharama halisi ya mafuta, wala si lita nzima uliyomimina. Pima kabla na baada ya kukaanga. Roli zikinywa zaidi ya hapo, moto wako ni mdogo au umezijaza sufuriani nyingi mno. Tumbukiza kipande cha ganda: kikizama na kuibuka papo hapo kwa mapovu, mafuta yako tayari. Kaanga tano au sita kwa dakika tatu hadi nne, kisha zisimamishe kwenye kichungi zichuruzike. Zikilazwa moja juu ya nyingine, mvuke huzilainisha. Chuja mafuta kila mara. Yakitoa povu, yakiwa meusi au yakianza moshi mapema, muda wake umekwisha.

Makapu matatu kwa roli 34

*Kapu la sherehe:* unga wa ngano gramu 750, makopo mawili ya nyama, kabichi moja, jibini gramu 340, mafuta meupe. Ukiacha kuchachusha kabichi, ni kazi ndogo na ladha iliyo karibu zaidi na sandwichi yenyewe, lakini kila kitu kimetoka mbali na kila kitu unakilipia safari.

*Kapu la biashara:* unga gramu 380 na mchele gramu 190, kopo moja na nusu kilo ya nyama, papai moja, mayai saba pamoja na moja la uji, mawese ya juu au mafuta meupe. Linataka kujiandaa siku nne mapema kwa ajili ya papai. Hili ndilo ninalomshauri mama anayeuza mtaani Kasuku au Mikelenge, kwa sababu treni ikikwama anaweza kuendelea kuuza.

*Kapu la nyumbani:* ganda lilelile la mchele, nyama ya mifupa kilo moja na nusu, papai, mayai, mawese. Supu ya mifupa inabaki kuwa mlo mwingine, nayo ihesabiwe kama faida.

Ukilazimika kupunguza, anza na jibini, kisha unga, kisha kopo la pili. Nyama iliyomo ndani usiipunguze chini ya gramu 20. Mteja aliyeuma ganda tupu harudi, na mtoto wa shule aliyetoa franka zake anastahili kushiba kwa kile alicholipia.