Taa Zinazotii Simu

Bonde letu la Kilombero lina mtambo wa Kidatu, ulioanza kuzalisha umeme mwaka 1975. Leo vijana wetu wa Ifakara hawatosheki na kuwasha taa kwa mkono. Huleta balbu na soketi zinazotii amri ya simu. Sisi hatuoni ubaya, wala si uchawi kama wazee wengine wanavyodhani.

Kuziunganisha kuna masharti yake. Aghalabu husikia waifai ya gigahezi 2.4, si ya 5. Aliyeshindwa na aanzie hapo. Swichi ya ukutani sharti ibaki imewashwa, kwani balbu iliyokatiwa umeme haisikii lolote. Na wanaotegemea waifai ya simu ya baba, akiondoka nayo kwenda shamba la mpunga, taa haziamriki tena.

Linalotushughulisha zaidi ni kamera. Iliyofungwa juu ya ukuta yaweza kuona ua wa jirani, alipo mama amevua mtandio akipepeta mchele. Dini yetu imekataza kupeleleza, na hodi imewekwa ili kulizuia jicho. Basi ielekezeni mlangoni penu tu, na jirani ajulishwe kabla haijafungwa. Neno la siri iliyotoka nalo kiwandani libadilishwe siku ile ile, maana alijuaye huweza kuwatazama kutoka mbali. Na fundi amalizapo kazi yake, jina lake liondolewe katika orodha ya wenye ruhusa, ijapokuwa ni mjomba wenu.