Pasipoti Mbili, Kimkoba Kimoja: Kosa Lililotutoa Jasho Kwenye Fungate

Hivi pasipoti yako iko wapi muda huu? Kama jibu ni "anayo mume wangu" au "waifu ndiye anajua", kaa hapa kidogo tuongee.

Mimi na mume wangu ni watoto wa Maore, kule Same, tambarare ya chini ya milima ya Upare. Kazi zetu ziko Dar. Harusi ilipopita hatukwenda fungate, mfuko ulikuwa umekauka. Tukajibana miaka miwili, tukalipia safari ya meli ya starehe ya siku nne, kutoka Durban hadi Msumbiji na kurudi. Kwa matembezi mafupi Mtanzania hahitaji viza katika nchi hizo mbili, hivyo karatasi kubwa ilikuwa moja tu: pasipoti. Zetu ni za kielektroniki, aina iliyozinduliwa Januari 2018, na kila mmoja alilipia yake shilingi 150,000.

Tulipokwenda Maore kuaga, mume wangu alichukua pasipoti yangu mbele ya wazee, akaitumbukiza pamoja na yake kwenye kimkoba chake cha kiunoni. "Mke wangu msahaulifu, nitatunza zote."

Nikacheka. Mama mkwe hakucheka. Aliniita jikoni, akanionyesha mahindi ya mbegu: mengine yamening'inia juu ya mafiga yakila moshi, mengine yako kwenye debe chumbani.

"Mvua za El Niño mwaka 1997 zilipoingia ndani, ya kwenye debe yalioza. Haya ya juu ndiyo tuliyopanda. Na wewe mwanangu, yako iko wapi?"

"Anayo mwanao, mama."

Akatikisa kichwa, akaendelea kuchochea moto.

Siku ya pili baharini, meli ilitia nanga karibu na Ilha dos Portugueses, kisiwa kidogo katika Ghuba ya Maputo. Tangazo lilisema wazi: shukeni na kadi ya meli, pasipoti ziacheni chumbani. Mwenzangu hakuiamini ile sefu ya chumbani, akashuka na kimkoba chake. Sasa huwezi kuogelea na kimkoba, si ndiyo? Akakiacha juu ya taulo. Tuliporudi, taulo lipo, kimkoba hakipo!

Wewe acha tu. Miguu iliniisha nguvu. Boti ya mwisho ya kurudi melini ilikuwa imebakiza saa moja na nusu. Tulianza kwa kutafuta, tukaishia kulaumiana. "Ningekuwa na yangu, angalau mmoja wetu angekuwa na karatasi!" nikamwambia. Akanyamaza. Kilichoniuma zaidi ni ukweli: nilimpa kwa uvivu tu, nikauita mapenzi. Naye alichukua ili aonekane mwanaume wa nyumba.

Namshukuru Mungu, kilipatikana. Familia iliyokaa jirani yetu ilikizoa pamoja na mataulo yake, ikakirudisha pale boti zinapopakia. Usiku ule mume wangu aliniwekea pasipoti yangu mkononi bila kusema neno. Sijamrudishia mpaka leo.

Kama nanyi mnapanga safari ya meli, zingatieni haya:

1. Kila mtu atunze yake. Kimoja kikipotea, mwingine bado ana karatasi za kumsaidia mwenzake.

2. Toeni nakala ya ukurasa wenye picha. Wewe beba nakala ya mwenzio, naye abebe yako. Nyingine itumeni kwenye barua pepe zenu.

3. Baadhi ya meli hukusanya pasipoti mnapopanda, ili zishughulikiwe na uhamiaji wa bandarini. Usiogope, ila omba risiti na uulize utarudishiwa lini.

4. Mkishuka nchi kavu, sikilizeni tangazo. Kama hazihitajiki, zifungieni kwenye sefu, mchukue kadi ya meli na nakala. Kama zinahitajika, zivalieni ndani ya nguo, kwenye mfuko usiopitisha maji.

5. Ikipotea, waambie wahudumu wa meli mapema, kisha nenda polisi ukapate taarifa ya upotevu. Baada ya hapo, ubalozi wetu: kwa Afrika Kusini uko Pretoria, kwa Msumbiji uko Maputo. Utaomba hati ya dharura ya kukurudisha nyumbani, na pasipoti mpya utaifuatilia Uhamiaji.

Tuliporudi Maore kusalimia, mama mkwe hakuuliza habari za bahari. Aliuliza, "Yako iko wapi?" Nikaitoa kwenye pochi yangu, nikamwonyesha. Safari hii alicheka yeye.

Basi leo jioni, kabla hamjalala, muulize mwenzi wako pasipoti yako ilipo. Akikujibu, iombe.