Moyo unaporuka-ruka bila mpango

Mchimbaji akitoka ndani ya shimo, moyo kupiga mbio si ajabu. Amebeba mfuko wa mawe, amepanda juu kwa nguvu. Akikaa chini, akinywa maji, unatulia. Lakini kuna wengine wanaolala kitandani na moyo haukubali kutulia: unapiga mara mbili, unasimama, unapiga tatu za haraka, tena unapotea. "Moyo yangu iko nacheza," wanasema. Na hapo jamaa wanaanza kutafuta nani amewaroga.

Waganga wanauita ugonjwa huo fibrilasioni. Moyo una vyumba vine. Viwili vya juu vinapokea damu, viwili vya chini vinaisukuma mwilini. Kila pigo linaanzishwa na umeme kidogo wa mwili wenyewe. Katika fibrilasioni umeme huo unavurugika, na vyumba vya juu vinatetemeka tu pahali pa kukaza. Damu isiyotembea vizuri inaganda, zaidi katika kifuko kidogo cha upande wa kushoto. Kipande kimoja kikitoka na kupanda kwenye ubongo, mtu anaamka mdomo umepinda, mkono hauinuki, maneno hayatoki. Mwenye fibrilasioni yuko na hatari ya kupooza namna hiyo karibu mara 5 kuliko mwingine. Hiyo ndiyo hatari kubwa, kushinda hata ule moyo kwenda mbio.

Umeme huo mbaya unatoka wapi? Jibu lilitoka Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1998. Docta Michel Haïssaguerre na wenzake walipima wagonjwa 45, wakakuta kwamba karibu kila mara chanzo kiko ndani ya mishipa inayoleta damu kutoka mapafu. Wachimbaji watafahamu upesi: walifuata mshipa mpaka wakapata penyewe. Tangu hapo kazi ikawa kuzungushia mdomo wa mishipa hiyo minne duara la kovu, umeme usipite.

Njia moja ya kuchora duara hilo ni puto lenye leza. Docta anapitisha mpira mwembamba katika mshipa wa kinena, anaupandisha mpaka moyoni, anatoboa ukuta mdogo kati ya vyumba viwili vya juu. Kule anapuliza puto kwenye mdomo wa mshipa. Puto linasukuma damu kando, kwa maana ndani ya damu hakuna kuonekana kitu, sawa na maji ya matope shimoni. Ndani yake kuna kamera ndogo sana na taa. Puto linajazwa maji mazito, aina ya maji yasiyokunywa mwangaza wa leza, ili moto ufike kwenye nyama ya moyo. Docta anachoma kidogo kidogo, alama juu ya alama, mpaka duara linafunga. Marekani iliruhusu chombo hicho mwaka 2016, baada ya kukijaribu kwa wagonjwa 353. Mwaka mmoja nyuma yake, karibu 6 katika 10 walikuwa wamepona, sawasawa na wale waliochomwa kwa njia ya zamani. Si muujiza.

Puto hilo haliko Wamaza, wala Kasongo. Na hata lingekuwepo, wengi wetu lisingewafaa kwanza. Lilijaribiwa zaidi kwa watu ambao milango ya moyo wao ni mizima. Huku Afrika, vijana wengi wenye fibrilasioni milango yao iliharibika tangu utoto, kwa ugonjwa unaoanza na maumivu ya koo. Koo linapona, kisha viungo vinavimba, na moyo unabaki na kovu. Uchunguzi uliofanywa katika inchi 12 za Afrika, pamoja na India na Yemeni, na kutangazwa mwaka 2015, ulikuta kati ya wagonjwa wa namna hiyo karibu mmoja katika 5 ana fibrilasioni. Nusu yao wote hawakupita miaka 28. Ni umri wa kushuka shimoni, jamani.

Kwao dawa ni ya kuzuia damu kuganda. Mwaka 2022 madocta walilinganisha dawa mpya na zile za zamani, jamaa ya warfarini, kwa wagonjwa hao wa milango ya moyo. Za zamani zilishinda: vifo vilikuwa vichache. Shida yake ni kupimwa damu kila mara, na toka kare ya dhahabu mpaka penye laboratwari, pesa ya moto inakula mshahara wa siku. Aspirini ya sokoni haishiki nafasi yake.

Kwa hiyo tuanzie karibu. Mama, mtoto wa miaka 5 mpaka 15 akiwa na koo la homa, umpeleke sentri ya afya. Penisilini inaweza kumkinga. Baba, pima tensioni, maana nayo inaleta fibrilasioni, na lutuku nyingi vilevile. Weka vidole penye mshipa wa mkono, hesabu dakika nzima. Mapigo yakikosa mpango ukiwa umepumzika, nenda ukasikilizwe moyo. Na anayemeza dawa ya kuzuia damu kuganda amwambie muganga waziwazi kwamba anashuka shimoni: jiwe likimkata, damu itakawia kusimama.