Fahamu: Maumbo ya wanyama wa Ziwa Tanganyika

Wanyama huainishwa kwa ulinganifu wa mwili, kisha kwa uwazi ulio kati ya utumbo na ukuta wa mwili. Sifongo wengi hawana ulinganifu. Yavuyavu wa Ziwa Tanganyika, aliyeonwa na Mjerumani Richard Böhm mwaka 1883, ana ulinganifu wa mviringo: mwavuli wake mdogo hupangika kuzunguka kitovu kimoja. Wanyama wengi, binadamu akiwemo, wana pande za kushoto na kulia zinazofanana.

Hata hivyo, ziwa hilohilo lina samaki wa ajabu, *Perissodus microlepis*, mla magamba ya samaki wengine. Mdomo wake umepinda. Aliyepinda kulia hunyemelea kwa nyuma na kung'oa magamba ya ubavu wa kushoto; aliyepinda kushoto, ya ubavu wa kulia. Mwaka 1993 Michio Hori alieleza kwamba kundi moja kati ya haya mawili likizidi kwa idadi, windo hulinda zaidi upande unaoshambuliwa nalo, hivyo kundi la pili hunufaika.

Baada ya ulinganifu, uwazi wa ndani huchunguzwa kwa wanyama wenye pande mbili zinazofanana. Minyoo bapa, kama tegu na minyoo wa kichocho, hawana uwazi huo. Mnyoo wa mchango ana uwazi usiotandikwa utando kamili. Nyungunyungu wa mashamba ya Nyunzu na samaki wa Mto Lukuga wana uwazi uliotandikwa utando pande zote, unaouwezesha utumbo kujongea bila kutegemea misuli ya nje.