Kanisa la Sebuleni

Parokia ya mjini yenye misa nne kila Jumapili haina namna ya kujua nani hakuja. Hata wahudumu wakipangwa mlangoni na sare zao, mama aliyefiwa na mume juzi ataingia, atakaa benchi la nyuma na kutoka, wala hakuna atakayegundua kwamba hakuimba. Kabla ya kufundishana kutabasamu, basi, tuangalie idadi ya watu.

Maaskofu Katoliki wa ukanda wetu waliliona hilo mapema. Katika mkutano wa AMECEA, umoja wa mabaraza yao ya Afrika Mashariki, jijini Nairobi mwaka 1973, walikubaliana kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, na mwaka 1976 wakalifanya jambo hilo kipaumbele cha uchungaji. Uhaba wa mapadre ulichangia, tusifichane. Lakini kilichopatikana ni zaidi ya kuziba pengo: kaya jirani zinazokutana kila wiki, leo kwa mama huyu, wiki ijayo kwa mzee yule, viti vya plastiki vikiazimwa nyumba ya pili.

Jumuiya nyingi husoma Injili kwa hatua saba zilizoenezwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Kwangu uzito wote uko kwenye hatua ya tano. Baada ya kusoma na kukaa kimya, kila anayetaka husema neno lililomgusa na kwa nini. Hakuna kumjibu, kumsahihisha wala kumhubiria, hata kama ni katekista anayewashwa ulimi. Baba aliyeachishwa kazi hawezi kusimama kanisani atangaze kwamba nyumbani hakuna unga. Hapa anaweza kusema kwamba wale wavuvi waliokesha bila kupata samaki anawaelewa vizuri sana, kisha akanyamaza. Wamemsikia. Hatua ya sita huuliza jumuiya itafanya nini wiki hii, na mara nyingi debe la unga hufika kwake bila yeye kuomba.

Ila jumuiya hiyo hiyo hugeuka baraza la hukumu, na hugeuka upesi. Tanzania, anayetaka kubatiza mtoto au kufunga ndoa huulizwa kwanza kama anasali jumuiya, na mwenyekiti ndiye anayemthibitisha. Daftari la mahudhurio na orodha ya michango vikisomwa kabla ya sala ya mwisho, asiye na kitu hujifunza kubaki nyumbani, naye ndiye aliyekuwa akihitaji kuja. Ushauri wangu ni mkali kidogo: hesabu zisomwe siku nyingine, na deni la mtu lisitajwe mbele ya wenzake. Siri nayo iwe siri. Lililosemwa asubuhi likifika bombani kabla ya jioni, hatua ya tano imekufa. Watu wataendelea kusema maneno mazuri yasiyowahusu.

Yapo pia majeraha yanayozidi uwezo wa sebule. Asiyelala wiki nzima, anayezungumzia kufa, apelekwe hospitali, na sala ziendelee huko huko. Mwanamke anayepigwa na mumewe anahitaji watu wa kumsindikiza hadi dawati la jinsia na watoto pale polisi, na jirani wa kukaa na watoto wake jioni hiyo. Kumrudisha akavumilie kwa kuwa ndoa ni msalaba, hapana.