Safari ya Polepole katika Visiwa vya São Tomé na Príncipe

Mwalimu wa darasa, tafadhali tundika ramani ya Afrika ukutani kabla hatujaanza. Mwenye miwani na aivae.

Juma lililopita tulijifunza maana ya Ikweta, ule mstari unaoigawa dunia nusu mbili, kaskazini na kusini. Leo tutaufuata mpaka baharini. Mmoja wenu aweke kidole juu ya mji wa Nanyuki, huko Kenya. Sasa akisogeze upande wa magharibi, taratibu, asipande wala asishuke. Atapita Uganda, atavuka misitu ya Kongo, atapita Gabon, kisha nchi kavu itakwisha. Aendelee kidogo tu ndani ya bahari ya Atlantiki. Ataona vitone viwili, kama nzi waliotua karatasini. Msivifute! Hiyo ni nchi kamili, yenye bendera yake na rais wake. Jina lake ni São Tomé na Príncipe.

Andikeni jina hilo katika madaftari yenu. Alama zilizo juu ya herufi ni za Kireno, kwa kuwa Wareno ndio waliotawala huko tangu karne ya 15 mpaka tarehe 12 Julai 1975. Asiyeweza kuziandika alama hizo aandike Sao Tome, tutamwelewa.

Visiwa hivyo viwili pamoja vina ukubwa wa kilometa za mraba 1,000 hivi. Kisiwa cha Unguja peke yake ni kikubwa kuliko nchi hiyo nzima. Watu wake ni zaidi kidogo ya laki mbili. Wageni wanaokwenda kutembea huko ni wachache, na ndiyo sababu nimeichagua nchi hii. Tuseme umeweka akiba, umepata ruhusa kazini, na unataka kwenda. Tangu sasa nitasema na kila mmoja wenu peke yake, kama mtu anayemwelekeza ndugu yake njia.

Wako wasafiri wanaokwenda kwa makundi, watu thelathini ndani ya basi moja, na mtu mbele akipiga kelele: shukeni, pandeni, tazameni kulia. Wewe usisafiri hivyo. Kodi motokaa moja yenye nguvu ya kupanda milima, na kiongozi mmoja mwenyeji ambaye pia ni dereva. Kabla hujapanda, patana naye, na mapatano yenu yaandikwe: ni siku ngapi, petroli inalipwa na nani, chakula chake je, na ikinyesha mvua barabara isipitike, fedha itakuwaje. Isome karatasi yote kabla ya kutia sahihi. Fedha yao huitwa dobra. Lugha ya serikali ni Kireno, lakini wenyeji wana lugha zao pia, kama Kiforo na Kiangolari.

Ndege nyingi za kwenda huko hutoka Lisbon, na nyingine hutoka Luanda. Ukifika, siku ya kwanza usiende mbali. Keti mjini, tazama ghuba, kula samaki. Utasikia watu wakisema "leve-leve". Ukimwuliza mtu hali yake, atakujibu leve-leve. Ukimhimiza dereva, atakuambia leve-leve. Maana yake ni polepole, lakini ndani yake mna furaha kidogo kuliko katika polepole yetu. Chakula chao hutakishangaa. Utakuta ndizi, mihogo, samaki wa kupikwa kwa mawese na majani, na shelisheli la kuchoma. Mtu wa Zanzibar atajiona yuko kwao.

Siku ya pili kiongozi wako akupeleke kaskazini. Huko mvua si nyingi, kiasi cha Dar es Salaam hivi, na utaiona mibuyu imesimama karibu na bahari. Lakini kusini magharibi mwa kisiwa hichohicho mvua hupita milimita 4,000 kwa mwaka. Sababu ni mlima. Katikati ya kisiwa uko mlima mrefu wa mita 2,024, nao huyazuia mawingu yanayotoka baharini yamwage maji upande wa kusini. Upande wa kaskazini hupata mabaki. Wanaotoka Kilimanjaro wanajua jambo hili bila kufundishwa.

Karibu na mji wa Guadalupe utaliona shamba kubwa. Zamani liliitwa Rio do Ouro, na sasa linaitwa Agostinho Neto, kwa heshima ya rais wa kwanza wa Angola. Mashamba makubwa ya namna hiyo huitwa "roça", na kila moja lilikuwa kama mji mdogo. Lilikuwa na nyumba ya bwana, hospitali, reli ndogo, majiko ya kukaushia kakao, na mistari mirefu ya vyumba vya wafanya kazi. Ile hospitali ingali imesimama juu ya kilima, mwisho wa njia pana ya mawe, imechakaa, miti imeota ukutani. Mwambie kiongozi azime motokaa. Mahali hapa pasipitwe haraka.

Kakao ililetwa Príncipe kutoka Brazili mwaka 1822. Wanafunzi wetu wa Kyela wanaijua kazi yake. Tunda hukatwa kwa panga, likapasuliwa, zikatolewa mbegu zenye utelezi mweupe mtamu. Mbegu hutiwa katika masanduku ya mbao na kufunikwa kwa majani ya migomba, zichachuke kwa siku tano, sita. Kisha hukaushwa na kutiwa katika magunia. Bila kuchachuka, kakao haina harufu ya chokoleti. Mwanzoni mwa karne ya 20, visiwa hivi vidogo vilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa kakao duniani.

Na nani aliyeichuma? Mwaka 1875 utumwa ulikomeshwa visiwani kwa sheria. Watu waliokuwa watumwa wakayaacha mashamba, hawakutaka kuyaona tena. Lakini kakao ilitaka mikono. Basi wakaletwa watu kutoka Angola, na baadaye kutoka visiwa vya Cape Verde na kutoka Msumbiji, jirani zetu. Hawakuitwa watumwa. Waliitwa watu wa mkataba.

Waliokulia karibu na mashamba ya mkonge wamesikia habari za manamba, na watalielewa jambo hili upesi. Lakini wasidhani yalikuwa sawasawa. Manamba, miezi yake ikiisha, aliweza kurudi kwao. Mtu wa Angola alinunuliwa huko bara, akatembezwa mamia ya maili mpaka pwani, akasimamishwa mbele ya afisa, na jina lake likaandikwa katika mkataba wa miaka mitano. Mkataba ulikuwa wa Kireno, naye hakuweza kuusoma. Alivishwa shingoni kikopo cha bati chenye karatasi ile ndani. Babu zetu wa Kenya waliovaa kipande shingoni wangekijua kikopo hicho mara moja. Miaka mitano ikiisha, mkataba uliandikwa upya bila yeye kuulizwa. Meli zilikwenda zimejaa watu na kurudi zimejaa kakao. Kwa miaka mingi karibu hakuna hata mmoja aliyerudishwa kwao.

Mwandishi wa magazeti Mwingereza, Henry Nevinson, alizifuata njia hizo mwaka 1904 na 1905, akaandika kitabu. Mwaka 1909 Cadbury na wenzake waliokuwa wakitengeneza chokoleti Uingereza waliacha kununua kakao ya São Tomé. Walikuwa wamezisikia habari hizo miaka kadhaa kabla ya hapo, huku wakiendelea kununua. Mimi sioni sababu ya kuwasifu sana.

Kutoka shamba hilo si mbali kufika pwani ya Fernão Dias. Pana ukumbusho hapo. Mwezi Februari 1953 habari zilienea kwamba serikali ya Kireno itawalazimisha wenyeji, wale Waforo waliokataa siku zote kazi ya mkataba, wakafanye kazi mashambani. Wakapinga. Gavana Carlos Gorgulho akawatuma askari, na watu wengi wakauawa, kwanza katika kijiji cha Batepá na mahali pengine. Waliokamatwa waliletwa Fernão Dias kufanya kazi ya mateso ufukweni, na wengi wakafia hapo. Tarehe 3 Februari ni siku kuu ya taifa. Kiongozi wako huenda asiseme mengi hapo. Usimhimize.

Vyumba vya wafanya kazi vingali vina watu. Baada ya uhuru serikali iliyatwaa mashamba, na tangu miaka ya 1990 ardhi iligawiwa wakulima wadogo. Wanaoishi humo wengi ni wajukuu wa wale watu wa mkataba. Wengine huuza kakao yao kwa njia ya vyama vya ushirika, nayo hufika Ulaya kwa bei nzuri kidogo. Lakini maisha ni magumu, na mabomba ya maji ni machache. Usipige picha ya mtu mlangoni kwake bila kumwomba. Wewe ungependa?

Siku ya tatu au ya nne, pandeni Monte Café, shamba la kahawa lenye jumba dogo la makumbusho. Hewa ni baridi. Juu yake ni msitu mkubwa wa asili, nao una ndege wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Kiongozi atakuonya juu ya nyoka mweusi, aina ya fira wa shingo pana. Zamani watu walisema Wareno walimleta ili ale panya. Mwaka 2017 wataalamu walionyesha kwamba ni nyoka wa kisiwa hicho mwenyewe, wa aina yake peke yake. Basi hata nyoka anaweza kusingiziwa ugeni.

Kisha nendeni kusini, na hapo gawa safari siku mbili. Barabara hufuata pwani ya mashariki. Msitafute njia ya kukizunguka kisiwa chote, haipo. Barabara ya magharibi hukoma karibu na Santa Catarina, na ya mashariki hukoma Porto Alegre, katikati ni msitu. Lala São João dos Angolares. Wenyeji wa hapo, Waangolari, ni wavuvi hodari. Wazee wao husimulia kwamba mababu walikuwa watumwa ndani ya meli iliyovunjika mwambani, wakaogelea mpaka pwani wakawa huru. Wanahistoria wengi hudhani walikuwa watumwa waliotoroka mashamba ya miwa. Kwa njia yoyote, walijipatia uhuru wao miaka mingi kabla ya sheria.

Ukiendelea mbele, angalia upande wa kulia. Jiwe moja limesimama ndani ya msitu kama kidole, urefu wake juu ya miti ni zaidi ya mita 300. Huitwa Pico Cão Grande, maana yake Kilele cha Mbwa Mkubwa. Zamani lilikuwa moto ulioyeyuka kooni mwa mlima wa volkano. Ulipoa, ukawa mgumu, na udongo uliouzunguka ukachukuliwa na mvua. Mara nyingi hufichwa na ukungu. Kaeni chini, nunueni ndizi, mngoje. Huo ndio uzuri wa kutofuatana na basi la watu thelathini.

Toka Porto Alegre mtapanda mashua kwenda kisiwa kidogo, Ilhéu das Rolas. Hapo juu ya kilima imechorwa ramani ya dunia chini, na mstari umepitishwa juu yake. Ni Ikweta ileile tuliyoianza Nanyuki. Afisa wa Kireno, Gago Coutinho, aliyepima visiwa hivi zaidi ya miaka mia iliyopita, ndiye aliyehakikisha kwamba mstari unapita hapo. Weka mguu mmoja kaskazini, mmoja kusini. Hutasikia chochote, lakini kila mtu hufanya hivyo. Ukiwa huko kati ya Novemba na Februari, omba kupelekwa usiku ufukweni kuwaona kasa wakitaga. Tangu mwaka 2014 sheria inawalinda. Usiwashe taa, kwa kuwa taa humpoteza kasa njia.

Príncipe nitaisema kwa ufupi, kwa sababu saa inanikimbiza. Iko kilometa 150 hivi kaskazini mashariki, na utakwenda kwa ndege ndogo. Katika shamba la Sundy, tarehe 29 Mei 1919, Mwingereza Arthur Eddington alipiga picha za nyota wakati jua lilipopatwa. Asubuhi ile ilinyesha mvua kubwa, na mawingu yakaharibu picha nyingi, zikafaa chache tu. Nazo, pamoja na picha zilizopigwa Brazili siku hiyohiyo, zilionyesha kwamba mwanga wa nyota hupinda ukipita karibu na jua, kama Einstein alivyosema. Shamba hilo nalo lilikuwa la kakao.

Kabla hujaondoka nyumbani, mwone daktari akupe dawa za malaria. Nguo za mvua chukua hata kama unakwenda kati ya Juni na Septemba, wakati wa kiangazi chao.

Kazi ya nyumbani ni hii. Andika mapatano kati yako na kiongozi wako, mistari sita isipungue. Taja majina, siku, fedha, petroli, chakula, na mvua. Kisha mpe jirani yako darasani ayasome kwa sauti. Akikwama mahali, pasahihishe mpaka asome bila kukwama. Mwalimu atayakusanya Jumatano.

Kwa herini.